Darubini Mnadani

Mtu akifa Arusha, kabla hajazikwa watu hubishana. Si kwa ubaya. Viti vya plastiki vikishapangwa chini ya turubai na chai ya maziwa ikishamiminwa, midomo haiwezi kukaa bure, na marehemu hawezi kusemwa mchana kutwa. Nilifika Lemara mwezi uliopita, nimetoka Dodoma kwa basi la alfajiri, kumzika Mwalimu Eliaichi aliyenifundisha fizikia, nikakuta vijana wamekaa karibu na geti wakibishana juu ya satelaiti. Mmoja, mwenye simu kubwa, alikuwa amesoma kwamba hata nchi yetu ina mpango wa kurusha ya kwake. Mwenzake akamkatiza: "Satelaiti ya nini, we jamaa? Zahanati ya kwetu haina hata kitanda cha kujifungulia, wewe unashangilia chuma kizunguke juu?" Wa kwanza akajibu kwamba bila vyuma hivyo asingekuwa hata na mtandao wa kubishania. Wakacheka, kisha mmoja akawanyamazisha kwa kuelekeza kidevu kwenye picha ya marehemu iliyokuwa mezani, kando ya ua la plastiki. Nilisimama pale na mkoba mkononi. Hawakujua kwamba mwanamke wa kwenye picha alishashitakiwa kwa kesi hiyohiyo, akashindwa, na mimi nilikuwapo.

Nilipoanza kuandika kumbukumbu hizi sikukusudia kuugusa mwaka ule. Hauna jambo la kujivunia wala aibu ya kuungama; ni mwaka wa upweke tu, na upweke ukiusimulia unasikika kama manung'uniko. Nilikuwa kidato cha tatu, nimepanga chumba Ngaramtoni kwa sababu shule yetu haikuwa na bweni na nyumbani kulikuwa mbali mno kwenda na kurudi. Chumba chenyewe kilikuwa cha mbao, upande wa nyuma wa nyumba ya watu, kina kitanda, jiko la mafuta ya taa na msumari wa kutundikia sketi ya shule. Siku za soko wafugaji walipitisha mbuzi na kondoo chini ya dirisha langu tangu asubuhi, nikazoea kuijua siku ya wiki kwa harufu. Jioni nilipika makande, nikayatilia magadi yaive upesi, nikala kutoka kwenye sufuria ileile kwa sababu sikuona haja ya kuchafua sahani kwa ajili ya mtu mmoja. Kula peke yako kuna ubaya wake: chakula kinakwisha mapema na jioni inabaki nzima.

Tena nilikuwa na jambo la meno. Wasiotoka kwetu itabidi niwaeleze. Maji ya pande nyingi za Mlima Meru yana floraidi nyingi, yanatoka nayo humohumo mlimani, na mtoto anayekua akiyanywa huota meno ya kahawia yasiyotakata kwa mswaki wala kwa mkaa. Nyumbani hakuna aliyejali, maana kila mtu alikuwa nayo. Lakini shuleni walikuwapo wasichana waliohamia kutoka Tanga na Dar, watoto wa watumishi, meno yao meupe kama punje za mahindi mabichi, na mmoja wao aliniuliza mbele ya darasa kama nilikuwa nasukutua kwa kahawa. Darasa zima likacheka, na waliocheka zaidi ni wale wenye meno kama yangu. Tangu siku hiyo nikajifunza kucheka midomo imefungwa, kisha nikaona ni taabu, nikaacha kucheka. Mpaka leo nikipigwa picha mkono unapanda wenyewe kuziba mdomo, na wanangu hunitania kwamba nina picha nyingi za mkono.

Mama mwenye nyumba aliitwa Mama Nembris, Mwarusha mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, mkarimu wa loshoro na mchoyo wa maneno matamu. Akipika loshoro yake, mahindi yaliyolainika ndani ya maziwa mgando, aligonga ukuta na kunipitishia bakuli mlangoni bila kuniuliza kama nina njaa. Binti yake Nembris alikuwa na miaka tisa. Kwake yeye maji yale hayakuishia kwenye meno. Yaliingia mifupani, miguu ikapinda matege, akawa anatembea kwa kuyumba na kupumzika kila palipokuwa na jiwe la kukalia. Alikuwapo pia mdogo wake, Elia, bado ananyonya, na mara nyingi nilimwona mama yake akiinyoosha miguu ya huyo mdogo juu ya kanga na kuitazama kwa muda mrefu. Ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao nyembamba na haukufika bati, hivyo kila neno lao lilikuwa langu pia. Baba Nembris alipenda redio. Jioni moja nikiwa nakoroga uji, mtangazaji alisema mataifa makubwa yametuma chombo kwenye sayari ya Mars, na moja ya kazi zake ni kutafuta dalili za maji.

"Wanatafuta nini?" Mama Nembris akauliza.

"Maji."

"Maji? Huko juu?"

"Ndivyo anavyosema."

"Na wakiyapata, watatuletea?"

"Sasa mama Nembris, watayaletaje?"

"Basi zima hiyo redio. Unamaliza betri bure."

Nilicheka peke yangu mbele ya jiko, uji ukanimwagikia kidoleni. Halafu nikamsikia Nembris akimuuliza baba yake kama huko Mars kuna watoto. Redio ilikuwa imeshazimwa.

Mwaka huohuo wakaja wageni wa usharika rafiki. Sharika nyingi za Kilutheri kwetu zina marafiki Ulaya au Amerika. Wanakuja, wanaimbiwa, wanavishwa mashuka na kulishwa ndizi, wanaondoka na machozi, na nyuma yao hubaki kitu fulani, kinanda au vyerehani au miwani ya wazee. Safari ile mzee mmoja mpole alikuja na darubini yake mwenyewe ya kutazamia nyota, kwa kuwa alisikia anga yetu haina taa nyingi. Alipoondoka akaiacha. Aliwakabidhi wazee wa kanisa, akasema iwe ya watoto wa shule. Shule ilipakana na kanisa, na ufunguo wa stoo akapewa Mwalimu Eliaichi, kwa sababu ndiye pekee aliyejua kuifunga na kuifungua. Mgogoro wote ulizaliwa hapo: darubini ililetwa kwa ajili ya watoto, lakini ilikabidhiwa usharika.

Mwalimu Eliaichi alikuwa Mmeru wa upande wa pili wa mlima, ana miaka thelathini na kitu, hajaolewa, anaishi kwenye nyumba ya walimu yenye vyumba viwili na harufu ya kahawa. Kwa kijiji kile mwanamke wa fizikia asiye na mume alikuwa tayari ni jambo la kuongelewa, na darubini ikawaongezea chumvi. Nilimsikia mama mmoja wa kwaya akisema kisimani, "Huyu alikuwa hatazami wanaume, sasa kapewa chombo cha kutazama mbali zaidi, ndio basi tena." Mwalimu alizisikia habari hizo, maana kijijini hakuna ukuta unaofika bati, akazipokea kwa tabasamu dogo ambalo halikuwa la furaha. Nilianza kwenda kwake nikiwa na swali la lenzi ambalo jibu lake nililijua. Nadhani alitambua, akanimiminia kahawa. Tukakaa bila kusema sana, na kukaa na mtu bila kusema sana ni raha ambayo nilikuwa nimeisahau.

Anga ilitudhihaki mwanzoni. Juni na Julai mawingu hulala juu ya Meru kama mtu aliyejifunika blanketi na hataki kuamka, na mgeni wa watu alikuwa amekuja msimu wa kiangazi kabla ya hapo, hakulijua hilo. Kila jioni tuliitoa darubini, tukaitazama, tukairudisha. Wazee wa kanisa wakaanza kuuliza inafanya kazi gani. Mwishoni mwa Agosti mawingu yakafunguka, na jioni ya kwanza, giza likiwa ndio linaingia, tulikuwa wanafunzi kama kumi kwenye kilima nyuma ya kanisa. Zamu yangu ilipofika niliona mwezi umejaa mashimo, kama ugali ambao mtoto ameuchezea kwa vidole. Nikasema hivyo kwa sauti. Mwalimu akacheka, wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka mdomo wazi, meno yote nje. Kulikuwa na giza. Hakuna aliyeniona.

Hilo ndilo nataka lieleweke, maana nimesikia mabishano mengi juu ya fedha za anga na sijasikia mtu akilitaja. Wanaotetea husema satelaiti zinatabiri mvua, zinapima ardhi, zinaleta simu. Ni kweli. Lakini mimi sikupanda kilima kile kwa ajili ya mvua. Nilipanda kwa sababu kwa saa moja kila jioni nilikuwa mtu kati ya watu, nimesimama kwenye foleni ya kusubiri kuona kitu ambacho hakikumhusu yeyote kati yetu, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa bora kuliko mwenzake mbele yake. Wasichana wa Dar na wa Ngaramtoni tulisukumana sawa. Siku tuliyoiona Zohali na pete yake, ndogo kama kifungo cha shati, yule aliyeniuliza habari za kahawa alinishika mkono akasema, "Nansia, ni ya kweli? Mwalimu hajachora?" Nilirudi chumbani, nikala makande yangu ya peke yangu, na jioni ile haikuwa ndefu.

Sasa nije kwenye maji. Juu ya mlima, msituni, kulikuwa na chemchemi ambayo maji yake yalipimwa yakaonekana mazuri. Serikali ilikuwa tayari kuyashusha kwa bomba ikiwa wananchi watatoa mchango wao, na mchango ulikuwa umekwama. Mzee mmoja wa kanisa akatoa hoja kwamba usharika una mali imelala stoo. Jumapili baada ya ibada tukaambiwa tubaki. Darubini ilikuwa imewekwa mbele, juu ya meza ya sadaka, imefunikwa kitambaa cheupe kana kwamba nayo inasubiri kubatizwa. Mwalimu Eliaichi akaruhusiwa kusema kwanza. Alisema vizuri, labda vizuri mno. Alisema taifa lisilotazama juu litabaki kununua macho ya wenzake. Alisema maji ni haki na yangekuja tu, lakini darubini ikiuzwa hairudi, na mtoto wa hapa anayo haki ya kuiona Zohali sawa na mtoto wa kule ilikotoka. Vijana tukapiga makofi.

Mama Nembris akainuka. Alikuja mbele na Nembris mkononi, akamnyanyua, akamsimamisha juu ya benchi, akalipandisha gauni la mtoto hadi magotini.

"Mtazameni," alisema. "Mtazameni vizuri, halafu mniambie habari za mwezi."

Nembris alisimama pale juu, ameshika bega la mama yake, anatazamwa na kanisa zima. Nilikuwa naijua miguu ile kila siku, lakini nilikuwa sijaiona ikiwa imesimama juu ya kitu, usawa wa macho yangu. Mwalimu Eliaichi alikuwa bado amesimama. Akakaa. Hapakuwa na kura. Mchungaji aliuliza kama kuna mwenye neno, na ndani yangu nilikuwa na maneno mawili yanayopigana, moja la meno yangu na moja la kile kilima, na hakuna hata moja lililotoka. Ikaamuliwa iuzwe kwenye mnada wa sikukuu ya mavuno.

Kwa wasioujua mnada wetu: siku ya mavuno washarika huleta walichonacho, mikungu ya ndizi, kuku, magimbi, kahawa, mahindi, na baada ya ibada vitu hivyo huuzwa uwanjani kwa kushindana bei. Raha yake si kununua. Raha ni kununua na kurudisha. Mtu anashinda mkungu wa ndizi, anashangiliwa, kisha anatangaza, "Naurudisha mezani," unauzwa tena, na kuku mmoja anaweza kuzunguka mikono mitano kabla ya kupata mwenyewe. Mwisho kabisa mmoja anakinunua kitu na kumzawadia anayestahili: mjane, mchungaji, mgonjwa. Kila mtu analijua hilo. Mzee Zakaria, dalali wetu, ambaye siku nyingine alikuwa fundi seremala mkimya, siku hiyo aligeuka mtu mwingine kabisa, akamsifu kila jogoo kama bwana harusi.

Darubini ilipopanda mezani uwanja ukatulia. Kwaya ya akina mama ndiyo iliyoanza. Walishinda, wakapiga vigelegele, wakasema, "Tunairudisha!" Wakafuata vijana, wakashinda, wakarudisha. Mchungaji mwenyewe akashinda, akarudisha. Mama Nembris, ambaye nilijua hakuwa na kitu, alitaja bei ndogo, na watu kwa heshima wakamwachia, akasema kwa sauti yake ile, "Narudisha!" Uwanja ulilipuka. Nikaelewa kinachotokea, na kila mtu alielewa: usharika ulikuwa unalichangia bomba la maji kwa kuiuza darubini ileile tena na tena, na mwisho mtu angemkabidhi Mwalimu. Watu walianza kumgeukia na kutabasamu. Mwalimu Eliaichi alikuwa amesimama karibu na mti wa kahawa, mikono ameikunja kifuani, na nikaona uso wake ukilegea, tabasamu linamjia, la furaha safari hii. Nilitamani mwaka uishie hapo.

Kila mtu alimsubiri mwingine awe wa mwisho. Na katika kule kusubiriana, mzee mmoja mwenye shuka jekundu na makubazi ya matairi, ambaye alikuwa ametoka kuuza kondoo sokoni na kusimama kutazama, aliinua fimbo na kutaja bei. Mzee Zakaria, akiwa na haraka ya kufika kwenye magimbi, akasema moja, mbili, tatu, akagonga meza. Tukashangilia. Tukanyamaza kumsikiliza atakavyosema. Mzee yule alilipa, akaiweka darubini begani, stendi yake ya miguu mitatu akaitia kwapani, akasema, "Asanteni sana," akashika njia ya kuteremka tambarare.

Hakuna aliyemfuata. Utamwambia nini mtu aliyenunua kitu mbele za Mungu na kulipa? Mzee Zakaria alibaki na kinyundo mkononi. Mwanakwaya mmoja alinong'ona, "Kwani hatarudisha?" Mchungaji akatuombea dua ya kufunga kabla magimbi hayajauzwa. Nilipomtafuta Mwalimu hakuwepo.

Jumamosi iliyofuata alinipitia chumbani, tukateremka pamoja kumtafuta mnunuzi. Aliitwa Mzee Lomayani, na haikuwa shida kumpata, maana habari ya mzee mwenye bomba la kutazamia ilikuwa imeshatutangulia kila boma. Tulimkuta jua linakaribia kuzama, amekaa kwenye kigoda nyuma ya darubini, ameielekeza bondeni.

"Shikamoo, mzee," tukasema.

"Marahaba. Nyie ndio wa kanisani? Karibuni. Chombo chenu kina ugonjwa."

"Ugonjwa gani, baba?" Mwalimu akauliza.

"Tazama mwenyewe. Ng'ombe zangu zimesimama kwa migongo. Miguu juu!"

Mwalimu Eliaichi aliinama kutazama, na nikaona mabega yake yakianza kutetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, hadi akashika goti. Alimweleza kwamba darubini za nyota ndivyo zilivyotengenezwa, hugeuza picha, na kwa nyota haidhuru kwa kuwa nyota haina juu wala chini. Mzee hakuridhika. Alituambia aliinunua ili achunge akiwa amekaa, magoti yamechoka. "Tena," akasema, "niliona watu wazima wananunua na kurudisha, wananunua na kurudisha. Nikasema, hiki kitakuwa kitu kikubwa, wanaogopa kukaa nacho. Mimi siogopi." Mwalimu alimuomba amuuzie. Akakataa kwa upole: kitu alichokipatia kanisani hakiuzi. Lakini alitupa maziwa, na giza lilipoanza akamruhusu aigeuze juu. Mwalimu aliitafuta Zohali, akampisha mzee kwenye kigoda chake mwenyewe. Akatazama kitambo kirefu.

"Ni kadogo."

"Ndiyo, baba."

"Na huko nje watu wanatoa mali nyingi kwenda kwenye vitu kama hivi?"

"Wanatoa."

"Wanatafuta nini?"

"Hawajui bado. Wangejua wasingekwenda."

Mzee Lomayani akatikisa kichwa. "Mimi ng'ombe wangu akipotea, najua natafuta ng'ombe. Na wewe, mwalimu? Kanakusaidia nini haka?"

Mwalimu akaitazama nukta ile angani kwa macho matupu. "Hakanisaidii kitu, baba. Ila nikikaona, najisikia siko peke yangu sana." Mzee hakucheka. Alimpa kibuyu cha maziwa anywe tena.

Tulirudi kwa miguu, na karibu na barabara ya lami Mwalimu akasema kitu ambacho nimekibeba tangu siku ile. "Nansia, Mama Nembris alisema kweli. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa amekosea ningemchukia, nikapona." Hakulitaja tena. Aliendelea kufundisha lenzi kwa kuchora ubaoni, kilima kikarudi kuwa malisho ya mbuzi, na foleni yetu ikavunjika, kila mmoja upande wake. Yule msichana aliyenishika mkono akarudi kwa wenzake. Wakati bomba la maji linafika, mwanzo wa mwaka uliofuata, Mwalimu alikuwa ameshaomba uhamisho kwenda mjini. Nililia chumbani, mdomo kwenye blanketi kwa sababu ya ukuta. Mama Nembris alinisikia. Akagonga, akanipitishia bakuli la loshoro, na kwa mara ya kwanza akaingia na kukaa kitandani mpaka nilipomaliza. Hakusema samahani, na sikutaka aseme. Jioni zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko za kabla sijakijua kile kilima, kwa sababu sasa nilijua zingeweza kuwa fupi.

Mwezi uliopita, pale Lemara, nilijifunga kanga nikaenda nyuma ya nyumba kwa akina mama waliokuwa wakimenya ndizi. Mmoja wao alikuwa amekaa kwenye kiti badala ya kigoda, fimbo imeegemea ukuta. Nilimtambua Nembris kabla hajanitambua. Ana duka la ushonaji Sombetini siku hizi, na aliniambia kwamba miaka yote hiyo magauni ya Mwalimu alikuwa akiyashona yeye, hata lile atakalozikwa nalo. Miguu yake haikunyooka. Maji mazuri yalimkuta mifupa imeshakomaa. Mdogo wake Elia alipita kati yetu na kreti la soda, mwanaume mrefu wa miguu iliyonyooka, akatania wamenyaji kwamba kwa kasi hiyo marehemu atafufuka kabla ndizi hazijaiva, akacheka, na meno yake ni meupe kabisa. Nilimtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Huko mbele vijana walikuwa bado wanabishana, satelaiti na zahanati, zahanati na satelaiti.

"Unawasikia?" nikamwambia Nembris.

"Nawasikia."

"Mdogo wangu, siku ile kanisani. Kila mtu alisema kwa ajili yako. Wewe ungesema nini?"

Aliendelea kumenya. "Unajua, dada Nansia, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza." Akaitupa ndizi kwenye beseni la maji, akachukua nyingine. "Ningesema maji. Elia alikuwa mchanga, nilimwona mama anavyomtazama miguu. Maji, bila kufikiri mara mbili." Kisu kikasimama. "Ila ningewaambia wanipe nitazame kwanza, ndipo waiuze. Walikuwa wameshanisimamisha juu ya benchi, na chombo chenyewe kiko hapo mezani. Ilibaki kitambaa tu kufunuliwa."